Niwauzie wageni kiti changu, au nivumilie vipigo vya nyumbani?

Ndugu Mhariri, na wasomaji wote mnaofuatilia besiboli,

Naomba ushauri kuhusu tiketi za msimu za White Sox, timu ya kusini mwa Chicago. Mwaka 2024 timu hii ilipoteza michezo 121 kati ya 162, mingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu tangu 1900. Nyumbani ilishinda 23, ikafungwa 58. Mwaka 2025 ilijikongoja hadi ushindi 60, lakini kila vipigo vya mfululizo vinapoanza nyumbani, machungu yale yote hurudi.

Msiniambie ni bahati mbaya. Mwaka 2024 walipata mikimbio (alama za besiboli) 507, wakaruhusu 813. Zidisha kila namba kwa yenyewe, kisha gawanya jibu la kwanza kwa jumla ya majibu yote mawili: unapata 0.28, yaani sehemu ya michezo ambayo timu ya namna hiyo hutarajiwa kushinda, sawa na ushindi wa michezo kama 45. Walishinda 41. Bahati iliwanyima minne hivi. Iliyobaki ni udhaifu wao.

Na udhaifu wenyewe nyumbani unauona hatua kwa hatua. Mrushaji aliyeanza anafikisha mirusho 90 awamu ya tano kati ya tisa, kwa sababu wapigaji wanaugusagusa mpira nje ya mstari mpaka achoke. Awamu nne zinabaki kwa warushaji wa akiba. Aliyerusha mipira 25 juzi na mingine kama hiyo jana, leo hagusi mpira, basi awamu ya nane anapewa yule ambaye hata kocha hamwamini. Anakosa eneo la shabaha mara nne, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza. Anayefuata naye anatembea. Sasa mrushaji anaogopa kumtembeza wa tatu, anapunguza kasi ili apate shabaha, mpira unapita katikati kabisa, kiunoni, mpigaji anaupiga hadi kwa watazamaji. Mikimbio mitatu: wake na ya wale wawili waliotembea. Kupiga wa mwisho ndiyo faida ya mwenyeji, lakini una faida gani ukiingia awamu ya tisa umeachwa kwa mitatu, na wenzako wanamleta mrushaji wao bora akiwa hajachoka?

Tatizo langu sasa. Michezo ya nyumbani ni 81 na kiti tunakigawana watu wanne, kila mmoja michezo 20 hivi. Timu ikiwa kwenye mfululizo wa vipigo, tiketi ya Jumanne usiku wa Aprili haiuziki hata kwa nusu ya bei tuliyolipia. Ukisubiri hadi asubuhi ya mchezo ndiyo mbaya zaidi, maana kila mwenye kiti anashusha bei saa ileile. Zinazouzika vizuri ni za Cubs, jirani zetu wa kaskazini, na za Yankees, timu ya New York. Tukiuza hizo chache mapema, hasara ya nyingine inapungua sana.

Lakini anayezinunua ni shabiki wa mgeni. Kiti changu kinakaa jezi ya Cubs, na cha jirani vilevile, na mrushaji wetu chipukizi anaingia awamu ya nane huku uwanja wake mwenyewe unamzomea. Hilo linanikera kuliko matokeo. Wenzangu watatu wanasema tiketi ni mali, iuzwe kwa mwenye hela. Mimi naona anayeuza kiti hicho anasaidia kipigo kinachofuata.

Walio na tiketi za msimu za timu dhaifu, popote pale, mnafanyaje? Mnauza michezo mikubwa na kubaki na ya katikati ya wiki, au mnaikumbatia mikubwa na kukubali hasara? Kuna aliyewahi kupunguza akachukua kifurushi cha michezo michache badala ya msimu mzima, na je, baadaye timu ilipoinuka alipata tena kiti kilekile? Wenzangu wanataka jibu kabla ya muda wa kulipia msimu ujao kwisha.

Mshabiki wa White Sox,
Chicago