Mtoto hana damu, na bitiruti anakunywa kila siku

Wazazi wengi wanaoingia maabara yetu hapa Kondele, Kisumu, huanza na maneno yaleyale: "Huyu mtoto hana damu." Kisha hutueleza walivyohangaika. Juisi ya bitiruti asubuhi, osuga (mnavu) na maini jioni, dawa ya kuongeza damu kutoka kwa kemisti. Miezi inapita na viganja vya mtoto bado vimepauka, macho nayo yameanza kuwa ya manjano. Hapo sisi huuliza: je, damu haitengenezwi, au inatengenezwa kisha inavunjika?

Chembe nyekundu ya damu huundwa ndani ya uboho wa mifupa na huishi siku 120 hivi. Kuna magonjwa yanayoipasua kabla ya siku zake kutimia, na huko kupasuka ndiko madaktari huita himolisisi. Uboho usipoweza kufidia, damu hupungua. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi chuma, madini ambayo mwili hutengenezea damu, hakijamwishia, kwa kuwa chembe ikivunjika mwili hukitumia tena. Ndiyo maana dawa ya chuma inaweza kunywewa chupa baada ya chupa bila nafuu.

Manjano ya macho hutokana na bilirubini, mabaki ya himoglobini (ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) iliyovunjwa. Watu wengi huiita "homa ya manjano", lakini huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Angalia pia mkojo: ukiwa mweusi kama strungi, yaani chai isiyo na maziwa, usingoje kesho.

Huku kandokando ya ziwa, malaria ni sababu kubwa, maana vimelea vyake huzaana ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua vikitoka. Nyingine ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Chembe zenye umbo la mundu huweza kuishi siku 10 hadi 20 tu. Mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu imeenea sana kwetu. Anayeugua ni aliyeirithi kwa baba na kwa mama. Tumeona akina mama wakilaumiwa peke yao, wengine wakiambiwa ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Si chira, mama. Na baba, wewe pia njoo upimwe.

Wapo pia waliopungukiwa na kimeng'enya cha G6PD kinacholinda chembe nyekundu, wengi wao wakiwa wanaume. Hao mara nyingi huwa wazima mpaka wameze dawa kama primakwini (ya malaria) au dapsoni (ya ukoma), ndipo chembe zao huvunjika kwa siku chache.

Kipimo cha himoglobini peke yake hukuonyesha damu imeshuka kiasi gani, hakikuambii kwa nini. Kwa hiyo tunaangalia umbo la chembe kwa hadubini, tunapima bilirubini, na tunahesabu retikulositi, yaani chembe changa. Zikiwa nyingi, uboho unajitahidi kujaza pengo. Baadhi ya vipimo vya haraka vya selimundu havitenganishi mgonjwa na mwenye jeni moja tu, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 vinaweza kutoonyesha kitu kwa sababu bado ana himoglobini ya utotoni. Jibu kamili hutoka kwa elektroforesi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme. Kama mtoto ameongezewa damu ndani ya miezi 3 iliyopita, tuambieni, maana tunaweza kupima damu ya aliyemchangia.

Wakati mwingine tunawapigia simu mrudi kutolewa damu tena, nanyi mnakasirika. Tunawaelewa. Chembe zinaweza kupasuka ndani ya chupa pia, sindano ikivuta kwa nguvu au chupa ikitikiswa sana. Hapo potasiamu, madini yaliyomo ndani ya chembe, humwagika na kusomeka juu kuliko ilivyo mwilini, na hatuwezi kukupa jibu la uongo ukatibiwe nalo.

Mkija, leteni kitabu cha kliniki cha mtoto na majina ya dawa zote alizokunywa, hata zile za miti. Lakini mtoto akihema kwa shida, akilegea asiweze kunyonya, au akiwa na selimundu na homa imempanda, msipitie kwetu kwanza. Mpelekeni hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku.