Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Pingili Iliyobonyea Ipimwe Kabla ya Kutibiwa

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Singida, na ninakuandikia kuhusu ugonjwa ambao Watanzania wengi hawajawahi kuusikia. Unaitwa plazmasitoma, yaani uvimbe wa seli za plazma, zile ambazo kazi yake mwilini ni kutengeneza kingamwili. (Ninaliandika jina hili kwa herufi za kwetu kwa sababu kwenye karatasi zetu za rufaa nimelikuta limeandikwa kwa namna tatu.) Seli hizo zikiharibika na kuota mahali pamoja ndani ya mfupa, hupendelea zaidi pingili za uti wa mgongo, mara chache hukaa kwenye fuvu, hata chini kabisa ya ubongo, mahali inapopita mishipa ya fahamu inayoongoza macho na uso.

Nimeujua ugonjwa huu kwa mdogo wangu, fundi seremala wa miaka 52. Alianza na maumivu ya katikati ya mgongo, makali usiku kuliko mchana, nasi tukayachukulia kuwa ni uchovu wa kuinamia randa. Eksirei ilionyesha pingili moja imebonyea, na katika hospitali ya kwanza, ambayo sitaitaja kwa kuwa sina nia ya kumshtaki mtu, alianzishiwa dawa za kifua kikuu cha mifupa bila kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha mahali palipoharibika kikapimwe maabara. Simlaumu daktari kwa kukifikiria kifua kikuu, maana katika nchi yetu mara nyingi huwa ndicho. Kinachoniuma ni miezi mitano iliyofuata, ambayo mgonjwa alimeza vidonge, mkojo ukawa mwekundu kwa dawa, mgongo ukazidi kuuma, na kila tulipokwenda kliniki tuliambiwa tuvumilie, dozi haijaisha. Siku moja akitoka msikitini, kandambili ya mguu wa kushoto ilimvuka asijue. Mwanawe ndiye aliyeiona, hatua kumi nyuma yao. Wiki hiyohiyo tulipanda basi kwenda Dar es Salaam.

Huko kipimo cha MRI kilionyesha kwamba uvimbe umeshaanza kuubana uti wa mgongo, ule ugwe wa fahamu unaopita ndani ya pingili. Alipasuliwa, pingili zikakazwa kwa vyuma, na kinyama kilichotolewa ndicho kilichotaja jina la ugonjwa. Baada ya hapo ilibidi kuhakikisha kwamba uvimbe huo uko peke yake na si sehemu ya mayeloma, saratani ya uboho iliyosambaa. Kwa hiyo uboho ulitolewa nyongani ili kuona kama seli za plazma zilizoharibika hazifiki asilimia 10, mifupa mingine ikapigwa picha, na damu na mkojo vikapimwa protini, yaani kingamwili zisizo za kawaida zinazotengenezwa na seli hizo. Kipimo hicho cha protini, Mheshimiwa, ambacho kinahitaji damu kidogo tu ya mkononi, ndicho kilichotuchelewesha kuliko upasuaji wenyewe: majibu yalikuja baada ya wiki sita.

Ucheleweshaji huo unasikitisha zaidi kwa sababu uvimbe huu, ukiwa mmoja, ni miongoni mwa saratani zinazosikia mionzi vizuri sana. Dozi ya kawaida ni grei (kizio cha kupimia mionzi) 40 hadi 50, inayogawanywa katika siku tano za kila juma kwa takribani majuma manne au matano. Kazi ya upasuaji ni kuuokoa uti wa mgongo na kuushikiza mfupa. Kuung'oa uvimbe ni kazi ya mionzi. Hali ni hiyohiyo kwenye fuvu, ambako kinyama kikisomwa mapema kinaweza kumwepusha mgonjwa na upasuaji mkubwa wa chini ya ubongo. Kwenye benchi la kusubiri mionzi tuliketi na mama mmoja aliyefunika jicho moja kwa kitambaa kwa sababu alikuwa akiona vitu viwili viwili. Alikuwa ameandikiwa miwani mara mbili kabla ya mtu yeyote kumpiga picha ya kichwa.

Ninaomba, kwanza, Wizara itoe mwongozo kwamba pingili iliyobonyea ichukuliwe kinyama kila inapowezekana kabla ya dozi ya kifua kikuu kuanza, na pale isipowezekana, mgonjwa asiyepata nafuu ndani ya miezi miwili apewe rufaa bila kubishana. Pili, kipimo cha protini za damu kipatikane katika kila hospitali ya rufaa ya kanda, na majibu yatoke ndani ya siku chache.

La tatu linahusu miaka inayokuja. Takribani nusu ya wenye plazmasitoma ya mfupa hupata mayeloma ndani ya miaka kumi, hata kama mionzi imefanya kazi yake, na njia ya kuiwahi ni kurudia kipimo hichohicho kila baada ya miezi michache. Mdogo wangu sasa anatembea kwa fimbo na amerudi kwenye karakana, ingawa mbao nzito anabebewa. Kila anaporudi kliniki tunalipa kipimo hicho kwa fedha taslimu. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekwishapitishwa, ninaomba utueleze hadharani kama kipimo hiki kitaingizwa kwenye kitita cha mafao, na lini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Singida