Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu wa Muvi, Kisumu

Wanachama wapendwa, salamu kwenu nyote. Mambo ya kawaida mnayajua, sitakaa hapo sana. Tuliona muvi, tukajadili, wenye kuandika uhakiki wakaandika. Sinners ya Ryan Coogler ilijaza holi, Michael B. Jordan akiwa mapacha wawili huko Mississippi ya 1932, na wanyonya damu nje ya mlango. Flow ya Latvia haina neno hata moja, ni paka na mafuriko tu, lakini wenzetu wa Nyando, kwenye mafuriko wanayajua, walinyamaza kabisa maji yalipopanda. Nawi ya Turkana pia tuliiona, safi sana.

Sasa tuje kwa Dahomey, dokumentari yenye jina la ufalme wa zamani wa Benin, maana nimesemwa vya kutosha kwa grupu ya WhatsApp. Ndiyo, ni mimi niliamua tuione ile Jumamosi badala ya ile muvi ya ngumi mlikuwa mnataka, na kamati ilijua, mwenye anasema hakuambiwa hakuja kikao. Mnasema ni dokumentari, haina stori, na maandishi ya chini yanachosha macho. Jamani, ni dakika 68, hata mechi ni ndefu kuliko hiyo! Mati Diop anafuata vitu 26 vya kifalme vyenye Ufaransa ilirudishia Benin 2021, vitu vilivyoporwa zamani za ukoloni. Kuna pale kifuniko cha sanduku kinafungwa, skrini inabaki nyeusi, halafu sanamu ya mfalme Ghezo inaanza kuongea Kifon, lugha ya huko Benin, gizani, na ni hapo hapo watu wa nyuma walitoka kutafuta soda. Wakakosa kuona wanafunzi wa chuo wa Benin wakibishana vikali kama 26 kati ya maelfu ni heshima ama ni matusi. Huo ubishi ni wetu pia! Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza 1905, fimbo zake walizochukua zikarudi 2006, na Wanandi bado wanauliza kichwa chake. Dahomey ilishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin 2024, mimi niliipigania ionekane hapa na bado nasimama na huo uamuzi.

Mahudhurio yananiuma. Tuko 46 kwa daftari, waliolipa mpaka mwisho ni 19, na ni shilingi 200 tu kwa mwezi, projekta tunakodi 1,500 kila mara, holi tunalipa kando, na pengo likitokea ni mfuko wangu umeliziba, mweka hazina anajua. Mtu anakosa miezi minne halafu anakuja kulalamika muvi imechaguliwa vibaya, kwani alipiga kura lini?

Mwaka ujao Mungu akijalia tutapata projekta yetu, na tulete za India na Iran, mimi naiombea sana All We Imagine as Light ya Payal Kapadia. Wale wa ngumi pia watapata siku yao. Mweka hazina atakuwa mlangoni Jumamosi na daftari, kujeni na malimbikizo.