Sri Lanka dini nne na hospitali bure, sisi je?

Mhariri,

Hapa Lamu barazani hakosi mtu kusema eti nchi ya dini nyingi haiendeleki, sasa mbona Sri Lanka sensa ya 2012 Mabudha walikua kama 70%, waliobaki Wahindu, Waislamu na Wakristo, vita vya ndani hadi 2009, na bado hospitali za serikali ni bure kuanzia Colombo mpaka Jaffna? Si kwamba wako sawa, katiba yao yaupa Ubudha nafasi ya kwanza na Watamil, jamii ya wachache wa kaskazini, walalamika mpaka leo. Lakini huku mama mja mzito wa Faza, kisiwani Pate, atiwa botini usiku, maji yakipwa wakwama njiani, na mafuta wachangie jamaa. Wakubwa watuambie, boti ya wagonjwa iko bajeti gani?

Msomaji, Lamu