Dau la kwanza huua ofa

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia Jumamosi iliyopita uliwashauri vijana wanaonunua kwenye minada ya mtandaoni kwamba wakikuta kitufe cha ofa, yaani cha kumpelekea muuzaji bei yako pembeni, akikubali mnada uishie hapo, wasiguse dau, watume ofa ndogo wamsubiri muuzaji alegee. Kwa kitu kilichowekewa bei moja, sawa. Kwa mnada, mtawakosesha watu vitu walivyovitaka. Mimi yalishanikuta, tena kabla hamjaandika.

Nakusanya stempu za Zanzibar, hasa za mwanzo wa 1964. Baada ya Mapinduzi, stempu za wakati wa Sultani hazikutupwa. Ziligongwa maneno JAMHURI 1964 juu yake, kwanza kwa mhuri wa mkono, baadaye zikaja zilizochapwa kwa mashine. Mimi natafuta za mhuri, kwa kuwa mkono wa mtu huteleza: moja imekaa upande, nyingine imegongwa mara mbili, nyingine kichwa chini miguu juu. Hapa Unguja sizipati tena. Nazinunua Uingereza, na mpwa wangu aliyeko huko ndiye anayenipokelea.

Mwaka jana ikatokea bahasha nzima, stempu yake imegongwa miguu juu. Bei ya kuanzia pauni 18, mnada wa siku saba, chini yake kitufe cha kutoa ofa. Dau hata moja hakuna. Nikatuma ofa ya pauni 25. Mpwa wangu akanipigia simu anacheka: “Mjomba, bei inaanzia 18, wewe unatoa 25?” Nikamwambia naam, hizo saba za juu namlipa muuzaji ili asiite watu.

Ofa ikalala bila jibu. Alfajiri, kabla sijavaa viatu kwenda msikitini, nikafungua simu: mtu ametia dau la 18, kitufe cha ofa hakipo, na ofa yangu imekwenda nacho. Pauni 18 zimeua pauni 25! Nikapanda mpaka 38 nikaachia. Bahasha ikaondoka kwa 41.

Sikuonewa. Ndivyo minada hii inavyokwenda, na kwenye eBay pia kanuni ni hiyo: ofa kwenye mnada huishi mpaka dau la kwanza litiwe. Aliyewahi kufika soko la samaki la Malindi hatashangaa. Kabla dalali hajafungua mdomo, unaweza kumvuta mvuvi pembeni mkanong'onezana juu ya jodari wake. Mtu akishaita bei, hata iwe ya kuchekesha, minong'ono imekwisha.

Kwa hiyo cha kutazama kwanza ni bei ya kuanzia. Ikiwa chini, wapitao njia watakuja, na ofa yako inashindana mbio na mtu usiyemjua. Ukituma, tuma ya maana, na tuma mapema. Ikiwa juu, watu hukaa mbali, na hapo ofa ndipo pake. Ramadhani iliyopita niliona seti iliyoanzia pauni 40, ikamaliza siku zake bila mteja, ikarudishwa kwa bei ileile. Nikatuma 28, muuzaji akajibu 32, tukamalizana kabla ya futari.

Na ukikitaka kitu kweli, ukaogopa mwenzio asikichukue kwa kunong'ona, tia dau wewe. Nimeshafanya hivyo kwa stempu iliyoanzia pauni 12. Nilipotia, mlango wa ofa ukafungwa kwa kila mtu, nami nikiwemo. Ila usiandike 12 peke yake. Andika kikomo chako cha mwisho. Mtandao utakupandishia kidogo kidogo pale tu mwingine anapokuja, naye haoni kikomo chako ni kipi. Yangu hakuja mtu. Nikaichukua kwa 12 zilezile, mpwa wangu akasema nimeanza kuwa mjanja uzeeni.

Wauzaji nao mngewaambia neno. Anayeanzisha mnada kwa pauni moja huku akiwa na hamu ya ofa nzuri anajifungia mwenyewe, maana pauni moja ya mpita njia inatosha kuifuta. Yule wa bahasha yangu bahati ilimwangukia usingizini: angeamka mapema angekubali 25.

Naomba basi ukurasa ule urekebishwe, hata kwa mistari miwili. Na ikiwa aliyechukua bahasha ile kwa 41 anasoma gazeti hili, aiweke mbali na jua, wino wa mhuri usipauke. Akiichoka, mimi bado nipo, na ofa yangu safari hii itaanzia 42.

Mwalimu mstaafu,
Kikwajuni, Zanzibar