Malalamiko Kuhusu Bastola ya "1851 Navy" Mliyoniuzia

Louisville, Kentucky

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

YAH: KULETEWA BASTOLA ILIYOTUMIKA, YA KALIBA NA FREMU NISIYOAGIZA

Ndugu Meneja,

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kijana wenu aliyepokea simu yangu ni Mswahili mwenzangu, naye ndiye aliyeniambia niandike hivi hivi, kwamba ataifikisha barua kwako bila kupunguza neno. Basi na iwe hivyo.

Nililipia nakala ya kisasa ya bastola ya kale, Colt 1851 Navy. Kaliba (upana wa tundu la mtutu) .36, mtutu wa pembe nane wa inchi 7 na nusu, fremu ya chuma yenye yale mawimbi ya bluu na kahawia yanayopatikana kwa kuchomwa pamoja na mkaa wa mifupa. Nikaongeza risasi za mviringo za .375, fataki (vile vikofia vya kuwashia baruti), na paundi moja ya baruti nyeusi ya 3F, yaani ya chembe ndogo. Yote yamo kwenye ankara yenu, kopi nimeambatisha. Kilichofika ni bastola ya kaliba .44 yenye fremu ya shaba ya manjano. Mtutu una pembe nane, kweli, na kwenye silinda, ile sehemu inayozunguka yenye vyumba vya risasi, zimechorwa zile meli za vita, na ubavuni mwa boksi kuna karatasi iliyoandikwa "1851 Navy". Kufanana kunaishia hapo.

Nilipopiga simu niliambiwa: "Ni ile ile, kaka, ila hii ina nguvu zaidi." Hapana, si ile ile, na ninyi mnaokula kwa kuuza historia mngepaswa kulijua hilo kabla yangu. Colt hakuwahi kutengeneza Navy ya 1851 ya kaliba .44. Zaidi ya 200,000 zilitoka Hartford, nyingine zikatengenezwa London, na zote ni .36. Alipotaka kuweka .44 kwenye fremu ya ukubwa ule ule ilimbidi achonge silinda yenye kidato, nyembamba nyuma na nene mbele, na fremu ichimbwe kuipisha. Hiyo ndiyo 1860 Army, yenye mtutu wa mviringo wa inchi 8. Bastola mliyonitumia ina silinda ya kidato cha 1860, mtutu wa 1851, na fremu ambayo Colt hakuitumia kwenye yoyote kati ya hizo mbili. Ni chotara wa kiwandani, na hakuna dhambi kumuuza chotara mradi umwite chotara.

Kijana wenu alijitetea pia kwamba fremu ya shaba ni "ya Kusini". Ni kweli kwamba majimbo ya Kusini yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani yalizitumia, kwa sababu ya uhaba wa chuma. Griswold na Gunnison, pale Griswoldville, Georgia, walitengeneza takriban 3,700 za namna hiyo kabla askari wa Sherman, jenerali wa Kaskazini, hawajakichoma kiwanda Novemba 1864. Lakini hata hizo zilikuwa za .36. Na kwa kuwa kijana aliitaja "ya Kusini" kama sifa ya kunishawishi, naomba umjulishe kwamba mikono iliyozifua kule Griswoldville kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watumwa weusi. Mimi nakusanya bastola za enzi ile nikilijua hilo. Ningetaka nakala ya Griswold ningeagiza nakala ya Griswold, kwa sababu zangu mwenyewe, na pia ningetaka iwe sahihi.

Kama kosa lingekuwa la rafu tu, mmechukua boksi la jirani yake mkalifunga, ningepiga simu moja na tungemalizana. Niliandika barua hii baada ya kuifungua bastola yenyewe.

Bastola mpya hufika imepakwa grisi ya kiwandani, nzito, yenye kunata. Hii ilikuwa imepakwa mafuta mepesi, kwa haraka, nje tu. Niliiweka mezani juu ya gazeti, nikasukuma kabari inayoushika mtutu, nikauvuta mtutu, nikaitoa silinda. Uso wa fremu ambapo meno ya nyuma ya silinda hugusa ulikuwa na alama ya duara iliyodidimia kwenye shaba, kila jino limeacha pahala pake. Alama hiyo haiji kwa bastola kukaa rafuni. Huja kwa silinda kurudishwa nyuma na mshindo, tena mshindo wa mizigo mikubwa ya baruti, maana shaba ni laini na kila anayezijua bastola hizi hupakia kidogo kwenye fremu ya namna hii. Kisha nikafungua chuchu, vile vijibomba vya nyuma ya silinda vinavyovikwa fataki. Mbili zilitoka kwa taabu. Kwenye nyuzi zake kulikuwa na ukoko mweusi na chini yake kutu nyekundu. Nilipotumbukiza silinda kwenye maji ya moto, jikoni kukanuka yai viza, harufu ambayo mpigaji yeyote wa baruti nyeusi anaijua: ni salfa ya masizi ya zamani. Masizi hayo hunyonya unyevu wa hewa, na asiyesafisha mapema huikabidhi kutu kazi. Kuna mtu aliipiga bastola hii, hakuisafisha, akairudisha kwenu, nanyi mkaipangusa mkaniuzia kwa bei ya mpya. Picha nimeambatisha, zikiwemo za chuchu kabla sijazigusa kwa brashi.

Ya kabari nayo. Kama ujuavyo, bastola ya Colt ya enzi hizo haina daraja la chuma juu ya silinda kama Remington. Mtutu na fremu vinashikanishwa na mhimili unaopita katikati ya silinda, na kabari moja inayopita katikati ya mhimili. Kwenye Colt halisi ncha ya mhimili hugota mwisho wa tundu lake chini ya mtutu. Kwa hiyo hata kabari ukiigonga vipi, nafasi kati ya silinda na mtutu inabaki palepale. Kwenye hii mhimili ni mfupi, haugoti popote. Kabari nikiiingiza kwa kidole gumba, silinda inazunguka. Nikiigonga kidogo kwa nyundo ya mbao, mtutu unarudi nyuma unaibana silinda mpaka siwezi kuvuta nyundo ya bastola. Nimepima kwa fila geji, zile wanazotumia mafundi gari kupimia vali: kabari ikilegea nafasi ni kubwa kupita kiasi, ikikaza hakuna nafasi kabisa. Dawa yake naijua, ni washa, yaani kipande chembamba cha chuma kinachosuguliwa kwa tupa mpaka kilingane na pengo. Lakini sikununua kazi ya tupa. Na kwa bastola iliyokwishapigwa kwa mizigo mikubwa juu ya fremu ya shaba, mhimili wenyewe ninauona ukicheza kidogo kwenye mzizi wake. Hapo hakuna washa wala gundi itakayosaidia.

Sasa naomba unisikilize vizuri kwenye jambo la risasi, kwa sababu hapa tunatoka kwenye hasara tunaingia kwenye hatari. Bastola mmebadilisha, risasi hamkubadilisha. Mmeniletea .44 pamoja na risasi za .375, ndani ya kifurushi kimoja, na juu yake karatasi ya maelekezo inayosema "pakia risasi zilizomo". Risasi ya .44 inatakiwa .451 au .454, iwe kubwa kidogo kuliko chumba, ili mkono wa kushindilia unapoisukuma ndani ukingo wa chumba uikwangue na kudondosha pete nyembamba ya madini ya risasi. Pete hiyo ndiyo ushahidi kwamba chumba kimeziba. Risasi ya .375 kwenye chumba cha .44 inadumbukia yenyewe. Ukiinamisha bastola inatoka. Moto wa chumba kinachopigwa una njia ya wazi ya kuingia kwenye baruti ya chumba cha jirani, na chumba cha jirani hakitazami tundu la mtutu, kinatazama pembeni mwake. Vyumba kulipuka kwa mpigo mmoja si hadithi ya kutishia wageni. Ndiyo maana watu hupaka grisi juu ya risasi au huweka kitambaa cha sufu chenye mafuta chini yake. Mimi niliiona tofauti kabla ya kugusa baruti. Mteja wenu mwingine, aliyezawadiwa bastola na mkewe Krismasi, angefuata karatasi yenu.

Halafu ushauri. Nilimwuliza kijana, kwa kumpima tu, kwamba nikiishiwa baruti nyeusi nifanye nini. Akajibu: "Baruti yoyote ya bastola inafaa, mradi usijaze sana." Ndugu Meneja, ubavuni mwa mtutu wa bastola mnayoiuza imegongwa kwa herufi kubwa kwamba ni baruti nyeusi tu. Mihuri ya ukaguzi ya Gardone Val Trompia, kule Italia, iko chini ya silinda, na ukaguzi huo ulifanywa kwa baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi ikiwekwa humo hupandisha mgandamizo ambao silinda hii haikujengwa kuubeba, na kipimo kidogo hakiiponyi, kwa sababu kasi ya kuungua ndiyo inayoua chuma. Naelewa kwamba baruti nyeusi imewahi kuadimika. Kiwanda cha Minden, Louisiana kilipofungwa 2021 sote tulihangaika mpaka kilipopata mwenyewe mwingine mwaka uliofuata. Lakini uhaba una majibu yake, zipo baruti mbadala zilizotengenezwa mahsusi kwa silaha hizi, nanyi mnaziuza. Zipo ukurasa wa pili wa katalogi yenu. Kijana hakuzitaja hata moja.

Simlaumu yeye peke yake. Ni mpole na alinisikiliza. Inaonekana hakuna aliyemfundisha.

Ninalotaka uongozi wenu uliangalie ni hili. Sheria ya shirikisho ya silaha ya 1968 haizihesabu nakala hizi kama silaha za kisasa, ndiyo maana katika majimbo mengi, letu likiwemo, mnaweza kunitumia moja kwa moja mpaka mlangoni. Bastola ya kawaida ingepitia kwa muuzaji mwenye leseni karibu nami, mtu ambaye angeifungua mbele yangu kabla sijasaini. Hii haipiti kwa mtu. Kati ya ghala lenu na mkono wangu kuna maneno yenu tu: kaliba mliyoandika, neno "mpya" mliloandika, karatasi ya maelekezo mliyoweka ndani. Maneno hayo yakiwa ya uongo hakuna wa kuyakamata isipokuwa mteja, na mteja wa baruti nyeusi mara nyingi ndiyo kwanza anaanza.

Majibu yenu ya maandishi niliyapata. Mnasema silaha "iliyokwishapigwa" hairudishwi, na kwamba kwa hisani mngeipokea kwa kukata asilimia 20 ya kuirejesha rafuni, nami nilipie usafiri. Ni jibu la ajabu. Mmekiri imepigwa. Sijaipiga mimi, fataki mlizonitumia bado zimo ndani ya kopo, karatasi ya mfuniko haijachanwa, na chupa ya baruti ina lakiri yake. Mnanitoza faini kwa risasi alizopiga mtu mwingine. Na hiyo rafu mnayotaka kuirejeshea bastola hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko asilimia 20 zenyewe, maana najua safari yake itakavyokuwa: mafuta mepesi, boksi jipya, mteja mwingine.

Kwa hiyo naomba haya. Mtume gari la kuichukua bastola kwa gharama yenu, kisha mnirudishie fedha zote, pamoja na nauli na ile ada ya mzigo wa hatari mliyonitoza kwa baruti, ambayo nimeona mmeikata mara mbili kwa kifurushi kimoja. Kama mnayo 1851 Navy ya kweli ya .36, ya chuma, isiyofunguliwa, niko tayari kuipokea badala ya fedha, lakini kwanza mnitumie picha ya silinda, ya uso wa fremu nyuma yake, na ya kile kiboksi kidogo cha herufi zinazoonyesha mwaka wa ukaguzi. Bastola hii ya shaba iondolewe kwenye mauzo, au iuzwe kwa jina lake halisi na hali yake halisi. Na wateja wote waliouziwa .44 ile pamoja na risasi za .375 wapigiwe simu. Orodha mnayo kwenye kompyuta, ni kazi ya asubuhi moja.

Nilitaka kwenda nayo Friendship, Indiana, kwenye mashindano ya Septemba ya chama cha taifa cha wapiga silaha za kupakia mdomoni mwa mtutu. Kutoka hapa si mbali. Kwa bastola hii siendi nayo popote. Mkaguzi wa uwanjani angeikataa kabla sijafika kwenye mstari, na angekuwa sahihi.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya nitapeleka pingamizi la malipo kwa maandishi kwa benki iliyotoa kadi yangu, nami bado nimo ndani ya siku 60 ambazo sheria ya shirikisho ya 1974 ya makosa ya malipo ya kadi inanipa, na kopi ya barua hii pamoja na picha itakwenda kwa kitengo cha kulinda walaji katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Kentucky. Bastola iko kwangu, imefungwa, imekaushwa, chuchu zikiwa kwenye mfuko wake. Sikuipaka mafuta kwenye zile alama za meno, ili atakayeifungua huko kwenu azione kama nilivyoziona.

Mteja wenu,

(Jina, namba ya oda na namba ya simu viko kwenye ankara iliyoambatishwa)