Barua kwa Mwanaidi kuhusu somo la ulinganifu wa molekuli

Dada Mwanaidi,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa Baba Saidi na kwa watoto, sisi huku hatujambo. Nimekawia kukuandikia, lakini Halima amenieleza kwamba muhula ujao umepangiwa somo la ulinganifu wa molekuli na vifungo vya kikemia, na kwamba maabara yenu haina hata seti moja ya vijiti na mipira ya kuundia molekuli. Habari hiyo imenikosesha utulivu, kwa sababu somo hili likifundishwa ubaoni tu, wanafunzi huishia kukariri majina ya makundi ya ulinganifu.

Nakusihi uanze na symotter.org, tovuti iliyotokana na Chuo Kikuu cha Otterbein, Ohio, ambayo haitozi chochote. Fungua metheni, molekuli ya kaboni moja iliyofungwa na haidrojeni nne. Mhimili unaofuata kifungo kimoja na kuizungusha molekuli nyuzi 120 wengi huuona upesi. Unaowashinda ni S4, yaani mhimili wa kuzungusha kisha kuakisi, upitao katikati ya pembe ya vifungo viwili. Molekuli huzungushwa nyuzi 90, ikawa haifanani na ilivyokuwa, kisha huakisiwa kwenye bapa linaloukata mhimili huo kwa pembe mraba, na hapo kila palipokuwa na haidrojeni pakawa na haidrojeni tena. Nimeona walimu hodari wakitaabika kulichora jambo hilo, ilhali kwenye skrini mwanafunzi hulitazama hatua kwa hatua na kulirudia apendavyo.

Kwa maumbo yenyewe, tumia PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, yaani maigizo ya kisayansi ya kompyuta, ambayo huonyesha jinsi jozi za elektroni zisizofungwa zinavyoibana pembe ya maji kutoka nyuzi 109.5 hadi 104.5. Ukishaipakua, haihitaji intaneti.

Narudi kwenye metheni, maana ndiyo inayoziunganisha nusu mbili za somo lako. Wanafunzi hufika chuoni wakijua kwamba vifungo vyake vinne ni sawa, nao hudhani kwamba elektroni zote nane za vifungo hivyo zina nishati moja. Ulinganifu unazigawa obitali nne za haidrojeni, yaani maeneo yanayokaliwa na elektroni zake, katika aina mbili zenye nishati tofauti, a1 moja na t2 tatu, na spektra ya fotoelektroni, inayopima nishati ya kuzing'oa elektroni, inathibitisha hivyo kwa mikanda miwili, mmoja karibu na eV (elektronivolti) 14 na mwingine karibu na eV 23. Tafadhali usiwanyime jambo hili, hata vipindi vikiwa vichache, kwa kuwa ndipo wanapoelewa jedwali la karakta, lile linaloorodhesha aina za ulinganifu za kila kundi, lina kazi gani.

Je, projekta iliyokuwa kwa Mwalimu Komba bado inafanya kazi? Umepewa vipindi vingapi kwa wiki? Wanafunzi wako wana simu zinazoweza kufungua tovuti hizi, au nikutumie kompyuta mpakato yangu kupitia kwa Halima? Na mwongozo wa kozi unatakiwa lini? Ningependa tuupitie pamoja kabla hujaukabidhi.

Akupendaye,
Amina